Mradi wa deki ya Warrior: kutafuta kadi 30 za kuzuia

Jumamosi

Kazi niliyojipa ni kuunda deki ya kudhibiti ya shujaa Warrior kwenye Hearthstone, mchezo wa kadi wa simu na kompyuta, niichezee Wild, uwanja ambao kadi za tangu mchezo ulipotoka mwaka 2014 bado zinaruhusiwa. Sharti langu ni moja: sinunui pakiti. Natumia kadi nilizo nazo na vumbi la kutengenezea kadi nililoweka akiba. Wa kunipima ni walewale tunaokutana kwenye kinyozi pale Kondele, Kisumu: binamu yangu na deki yake ya kasi ya shujaa Hunter, fundi wa simu wa mlango wa pili, na mwenye kinyozi mwenyewe, ambaye hucheza katikati ya wateja na bado hushinda.

Orodha nyingi za deki huanza na kadi kali. Hii haiwezi kuanza hivyo. Deki ya kushambulia huuliza, deki ya kudhibiti hujibu, na jibu la swali ambalo hakuna aliyeuliza litakaa mkononi likinibana tu. Mkono wenyewe una mwisho: kadi 10, ya 11 inateketea. Kwa hiyo ukurasa wa kwanza wa daftari langu hauna jina la kadi hata moja. Una maswali.

Binamu huuliza: utafanyaje na askari wadogo wanne walio mezani kufikia zamu ya nne? Fundi wa simu huja na askari mmoja mkubwa zamu ya saba au ya nane, kisha mwingine, kisha mwingine. Mwenye kinyozi haweki kitu. Anakusanya kadi polepole mpaka apate mchanganyiko wa kumaliza mtu kwa zamu moja. Swali la nne ni langu mwenyewe: nikishazuia yote hayo, nitashindaje?

Nimemchagua Warrior kwa ajili ya uwezo wake wa asili. Kwa mana 2 (mana ni malipo ya kutoa kadi, nayo huongezeka kila zamu) anajiongezea deraya 2, yaani kinga juu ya uhai wake. Hunter, kwa mana 2 hizohizo, humpiga shujaa wa adui 2. Zamu ambayo sisi wawili hatuna la kufanya, uwezo wetu unafutana, na anayefaidika ni mimi kwa sababu mchezo umesogea mbele na kadi zangu nzito zimekaribia.

Jumatatu usiku

Majibu ya askari mkubwa yamepatikana upesi. Shield Slam ni mana 1 na humuumiza askari kwa kiasi cha deraya niliyo nayo. Execute humuua askari wa adui aliyekwisha kuumia, kwa hiyo Slam, inayompiga 2 na kunipa kadi akinusurika, inamtengenezea njia. Mbili mbili za kila moja, nikafunga ukurasa huo.

Askari wengi kwa pamoja ndio walionikalisha. Jibu linalojulikana na wote ni Brawl: mana 5, inaua askari wote mezani isipokuwa mmoja anayechaguliwa kwa bahati. Kila mtu huisifu. Lakini je, itakuwa mkononi siku ya kuhitajika? Nikachukua kalamu.

Ukianza wewe, unapewa kadi 3, na kufikia zamu ya tano umeona kadi 8. Ukianza wa pili, unapewa 4 pamoja na sarafu ya kukuongezea mana 1, kwa hiyo Brawl inaweza kutoka zamu ya nne, na hapo pia umeona kadi 8. Brawl mbili ndani ya kadi 30, kwa kadi 8 ulizoona, nafasi ya kuwa na angalau moja ni asilimia 47, bila kuhesabu zile unazorudisha mwanzoni ukitafuta nyingine. Chini ya nusu! Deki inayomtegemea Brawl peke yake dhidi ya binamu yangu inaanza mchezo ikiwa nyuma.

Nikaongeza Warpath mbili. Hii ilitoka mwaka 2018, ni mana 2, na humpiga kila askari mezani 1, wangu na wake. Uzuri wake ni kwamba unaweza kuirudia zamu ileile maadamu mana ipo: mana 4 ni 2, mana 6 ni 3, mana 10 ni 5. Sasa nina kadi nne za kusafisha meza badala ya mbili, na nafasi ya kuona angalau moja kati ya kadi 8 inapanda hadi asilimia 73. Askari wa mwanzo wa binamu wengi wana uhai 1 au 2, kwa hiyo zamu ya nne Warpath mara mbili inawatosha.

Brawl yenyewe inabaki, ila nimeipangia mwenzake. Kila inapotoka kuna mmoja anayebaki, na mara nyingi ni wa adui kwa kuwa mimi sina askari mezani. Zamu ya sita nina mana 6: Brawl kwa 5, Shield Slam kwa 1, meza nyeupe. Ili hilo lifanye kazi lazima niwe na deraya wakati huo, na binamu anaikwangua kila zamu. Ndiyo maana Shield Block mbili zimeingia: deraya 5 na kadi moja juu yake.

Jumatano

Stima ilipotea baada ya ile mvua ya jioni inayotoka ziwani na ngurumo zake, nikaweka chaji ya simu kwa ajili ya tochi na kubaki na daftari. Leo ni swali la mwenye kinyozi.

Kadi ninayoitaka ni Dirty Rat, yule Panya, iliyotoka mwishoni mwa 2016. Mana 2, nguvu 2, uhai 6, na ni lazima apigwe yeye kwanza kabla ya shujaa. Sharti lake ni kwamba inapotoka, mpinzani anawekewa mezani askari mmoja wa bahati kutoka mkononi mwake. Binamu aliposikia alinitazama kwa huruma. "Omera, unampa mtu askari wa bure?"

Nampa, ndiyo. Mchanganyiko wa mwenye kinyozi unategemea askari fulani ambaye anapotoka mkononi humfanyia jambo. Panya akimvuta, askari huyo anaingia mezani bila jambo lake kutokea, nami namuua palepale kwa Shield Slam. Mana 3, na mpango aliouandaa mchezo mzima umevunjika. Kinachobaki ni kujua saa. Mpinzani akiwa na askari watano mkononi, nafasi ya kumvuta yule ninayemtaka ni moja kwa tano. Akiwa na wawili, ni nusu. Ni kama A kwenye kadi za mtaani: unaiona mkononi tangu mwanzo na unaibana, hata ikikuwasha, mpaka mtu akutupie 2 au 3 ya kukuokotesha kadi na akaribie kusema "niko kadi".

Na dhidi ya binamu Panya huyohuyo ni ukuta wa uhai 6 zamu ya pili au ya tatu, na askari anayevutwa kwake huwa ni mdogo tu. Kadi moja inayojibu maswali mawili ina thamani kuliko kadi kali inayojibu moja. Hapa sina shaka tena, mbili zinaingia.

Ijumaa

Kumaliza. Wengi huweka askari wakubwa watatu wanne wa kushindia. Mimi nataka nafasi hizo zibaki kwa majibu, kwa hiyo nimechagua njia ndefu ya uchovu. Deki ikiisha, kila ukivuta unaumia: 1, kisha 2, kisha 3, na kuendelea. Mvuto wa nane unafikisha jumla 36, zaidi ya uhai 30 ambao shujaa kwa kawaida anaanza nao. Asiyekuwa na deraya havuki hapo.

Njia hii inabadilisha thamani ya kadi za kuvuta. Acolyte of Pain hunipa kadi kila anapoumizwa, na pamoja na Warpath ananijaza mkono. Dhidi ya Hunter ni baraka. Dhidi ya fundi wa simu, kila kadi ninayovuta ya ziada inanisogeza kwenye uchovu kabla yake. Hata anayeanza wa pili ana hasara hapo, maana amepewa kadi 4 na deki yake inabaki 26 badala ya 27. Yeye ndiye anayeanza kuumia. Nikiwa wa pili, Acolyte anakaa mkononi.

Dawa ni Dead Man's Hand, ya mwaka 2017, ambayo hunakili kadi zote za mkononi na kuzichanganya ndani ya deki. Ukiwa na mbili na kutoa moja huku nyingine ukiishika, nakala ya ile uliyoshika inaingia ndani pamoja na zingine. Yaani hutaishiwa kamwe, ukizisubiri. Niliijaribu na fundi wa simu jioni hii, mchezo ukawa mrefu mpaka mteja wake akaondoka na kurudi. Alipobaki bila kadi mimi nilikuwa bado navuta Brawl na Execute. Alinipa mkono, akasema nisimletee tena hiyo kitu Ijumaa yenye kazi.

Jumapili

Vumbi. Kadi ya daraja la juu kabisa hugharimu 1600, na iliyo chini yake 400. Ukivunja ya kwanza unarudishiwa 400, ya pili 100. Robo tatu imepotea. Kwa hiyo Dirty Rat mbili zimetengenezwa leo kwa 800, na Justicar Trueheart, wa mana 6, anayegeuza uwezo wangu kuwa deraya 4 kila zamu, anangoja. Namtaka sana. Lakini yeye ni mmoja tu ndani ya 30, na kwa bei yake napata kadi nne za kujibu.

Kadi 29 ziko tayari. Ya 30 ni Acolyte wa pili au Bash ya pili, ile ya kupiga 3 na kuongeza deraya 3. Binamu anakuja Jumamosi na ameshasema ameongeza askari wawili wa mana 1, kwa hiyo naweka Bash.