Alama ya Bakuli katika Chokaa ya Kunduchi

Mwishoni mwa miaka ya 1980, nilipokuwa mwanafunzi wa sekondari Dar es Salaam, mjomba wangu, ambaye alikuwa fundi wa chokaa, alinichukua Jumapili moja kwenda kutazama makaburi ya kale ya Kunduchi, kaskazini mwa jiji. Yeye alitaka kuona namna mafundi wa karne ya 18 walivyosimamisha nguzo zao za mawe ya matumbawe. Mimi hamu yangu ilikuwa mabakuli ya Kichina, yale ya kauri nyeupe yenye michoro ya buluu, ambayo wenyeji wa pwani waliyapachika kwenye makaburi ya watu wao wenye heshima.

Tulichokikuta zaidi ni mashimo. Mabakuli mengi yalikuwa yamekwisha kubanduliwa, na mengine yalivunjika wakati wa kubanduliwa, kwa maana chokaa ya zamani ilikuwa imeyashika sawasawa. Nilivunjika moyo, lakini mjomba aliinama kwenye shimo moja lililokuwa chini, akaniita.

“Mjomba, hebu njoo uone hapa.”

Ndani ya shimo palikuwa na duara jembamba, safi, lililoachwa na kitako cha bakuli kilipokandamizwa chokaa ikiwa bado mbichi. Nilipopitisha kidole niliusikia ukingo wake, na katikati chokaa ilikuwa imeinuka kidogo, ikiwa imeujaza uvungu wa kitako. Bakuli lenyewe halikuwapo, lakini kipimo chake kilikuwa kimebaki ukutani.

Kando ya kaburi palikuwa na kigae. Mjomba alikiokota, akakifuta vumbi kwa kidole gumba, akanionyesha tawi la buluu lililochorwa kwa mipigo miwili mitatu ya brashi, kisha akakigeuza. Chembe za mchanga zilikuwa zimeganda kwenye kitako. Baadaye nilikuja kusoma sababu yake: katika matanuri ya kusini mwa China, hasa ya Fujian, vyombo vya bei nafuu vilipangwa juu ya mchanga, na katika moto mkali chembe hizo zilishikana na kauri. Vyombo bora vilitoka Jingdezhen, katika jimbo la Jiangxi, lakini ufundi wa rangi ulikuwa ule ule: mchoraji alichora kwa kobalti, madini yanayotoa rangi ya buluu, juu ya udongo mkavu, chombo kikapakwa tabaka linalong'aa, kikachomwa kwa joto la takriban nyuzi 1,300, na mchoro ukabaki chini ya tabaka hilo, mahali ambapo mvua na chumvi ya bahari havikuweza kuufikia. Ndiyo maana tawi lile lilikuwa bado buluu. Hata leo navithamini vyombo hivi vya mkono wa haraka kuliko vile vya wafalme, kwa sababu ndivyo vilivyopita bandari za India na Arabia, vikapakiwa majahazini, vikaja na kaskazi mpaka kwetu.

Mjomba alikilinganisha kigae kile na alama ya shimoni. Havikuoana, kigae kilitoka kwenye chombo kikubwa zaidi, pengine sahani.

Mzee mmoja wa pale Kunduchi, aliyekuwa amesimama nasi, alisema kwamba ingefaa mashimo yote yazibwe kwa chokaa ili makaburi yapendeze. Alisema kwa nia njema, kwani waliozikwa pale ni wazee wake.

“Shikamoo yangu umeipokea, mzee wangu, basi na hili nipokelee,” mjomba alimjibu. “Penye ufa pazibwe, maji yasiingie. Lakini shimo hili ukilijaza, hakuna atakayejua tena kwamba hapa palikuwa na bakuli, wala lilikuwa kubwa kiasi gani. Mwizi alichukua chombo. Sisi tusichukue mahali pake.”

Mzee aliinama, akalichungulia duara lile kwa muda, akauliza kama na mashimo ya juu yana alama kama hiyo. Mjomba alikirudisha kigae pale pale alipokiokota, na wote wawili wakaanza kuizunguka nguzo, wakichungulia shimo moja baada ya jingine.