Siku moja kwenye kota zetu Mbeya, mvua zikiwa njiani

Saa 11:30 alfajiri

Simu ya kwanza karibu kila siku huwa ni ya maji. Leo ni Namba Kumi na Nne: bomba la jikoni limepasuka na maji yameshafika kwa jirani. Nikamwelekeza kijana wao mkubwa koki ya kufungia ilipo, nje, chini ya kifuniko cha zege karibu na mpera, azungushe taratibu maana ni ya zamani. Akafanikiwa. Nikanywa chai, nikawahi daladala ya kutoka Uyole.

Kazi yangu ni kusimamia kota 24 za kupangisha, upande wa juu wa jiji, chini ya mlima Loleza. Mmiliki ni taasisi ya umma. Mimi ni fundi sanifu wa majengo, ila wapangaji wote wananiita injinia. Kuta ni za tofali za kuchoma na bado ni imara sana; kilichochoka ni mapaa, mabomba na nyaya za umeme. Humo wanaishi wauguzi, walimu, madereva na wastaafu, na wanalipa mwezi kwa mwezi. Mtaani mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, na dalali naye anasubiri kodi ya mwezi mmoja mkononi. Sheria ya mwaka 1984 iliyodhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, kwa hiyo kodi ya mtaani ni mapatano tu, na mwenye shida ndiye anayekubali upesi. Kota zikiharibika au zikipanda bei, hawa watu wa kipato cha chini hawana pa kukimbilia hapa mjini zaidi ya vyumba vya mbali na kazi zao.

Saa 1:40 asubuhi

Namba Kumi na Nne. Fundi bomba ameshakata kipande kibovu, akaniwekea mkononi. Ni bomba la chuma. Kwa nje linaonekana zima, ila ndani kutu imejaa mpaka kidole kidogo hakipiti. Mama anayeishi humo aliniambia presha ya maji imekuwa ndogo muda mrefu, akadhani ni mgawo. Kufunga klipu kungetuchukua dakika kumi, lakini maji yangetafuta sehemu nyingine dhaifu kwenye bomba lilelile. Tumekubaliana kung'oa njia yote ya jikoni na kuweka ya plastiki. Jirani tumemsaidia kukausha sebule.

Saa 2:30 asubuhi

Hapa ndipo asubuhi yangu ilipoishia. Namba Tisa anaishi bibi mmoja, muuguzi mstaafu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Ingia uone, lile doa limerudi."

Doa lipo kwenye dari ya chumba cha kulala, kubwa, la kahawia, juu ya kitanda. Msimu uliopita mkandarasi alipaka rangi mbichi juu yake, akapigwa picha, akalipwa. Rangi haizibi paa. Nimeshasema hivi ofisini na nitaendelea kusema: kwenye nyumba kuukuu anza na paa, fuata mifereji na chemba, kisha mabomba na umeme, rangi ije mwisho kabisa, pesa ikibaki.

Shida ya paa ni kwamba maji hayadondoki pale yanapoingilia. Yanapita juu ya mbao, yanatembea na kenchi, ile fremu ya mbao inayobeba paa, yanaangukia upande mwingine kabisa. Kwa hiyo saidia fundi alipanda juu na ndoo ya maji, fundi seremala akaingia darini na tochi, mimi nikakaa chini kupiga kelele. Tulianza kumwaga upande wa chini wa bati tukipanda kidogo kidogo, kwa sababu ukianzia kwenye kofia, kule kileleni mwa paa, kila kitu kinalowa na hujui kosa liko wapi. Mwaga, subiri. Mwaga, subiri. Tulipofika karibu na ukuta wa bomba la moshi, seremala akaita: "Hapa!" Mpira wa misumari mitatu ulikuwa umekauka na kupasuka, na bati mbili zilipandiana kidogo mno. Mvua inayoshuka wima ingepita salama. Upepo ukitoka mlimani unasukuma maji chini ya mapandiano hayo, yanaingia ndani. Bibi alikuwa ameniambia tangu mwanzo kwamba panavuja "siku za upepo tu", na alikuwa sahihi.

Mbao mbili zimeoza. Ukibonyeza bisibisi inazama. Bati la upande ule lazima lifunguliwe, kwa hiyo bibi hawezi kulala humu wakati wa kazi.

Saa 5:00

Nikapita Namba Tatu kukagua. Hii ni nyumba tunayoiacha wazi makusudi. Familia inahamia humo na vitanda, jiko na mbuzi wao kama wanaye, tunatengeneza kwao, kisha wanarudi nyumba ileile na kodi ileile. Halafu inaingia familia nyingine. Nimeona kwingine wapangaji wakipewa notisi ya "kupisha ukarabati", na kazi ikiisha nyumba inapangishwa kwa watu wengine kwa bei mpya. Nimeona pia mafundi wakibomoa dari huku watoto wamelala chumba cha pili. Nyumba moja ya kuhamia inaondoa yote mawili. Leo vitasa viko sawa, choo kinavuta vizuri, umeme upo.

Saa 6:15 mchana

Mwanjelwa, kwenye maduka ya vifaa. Bati, misumari yenye mipira mipya, mbao za 2 kwa 4 zilizotiwa dawa. Mbao nyingi hapa ni paini ya Sao Hill, Mufindi, nzuri ikiwa imekauka. Muuzaji alitaka kunipa mbichi, nikakataa. Mbao mbichi inapinda juu ya paa na msumari unalegea. Nikala wali maharage palepale.

Saa 8:00 mchana

Ofisini. Mpangaji wa Namba Ishirini anasubiri na risiti za LUKU, umeme wa kulipia kabla. Kodi ya jengo imekuwa ikikatwa kwenye umeme tangu 2021, na yeye ndiye anayenunua umeme. Anayedaiwa kodi hiyo ni mmiliki, si mpangaji. Nimejumlisha makato yake, nikaandika ipunguzwe kwenye pango lake la mwezi. Wapangaji wengi wanaona aibu kuuliza, kwa hiyo nimebandika tangazo ubaoni.

Saa 9:00 alasiri

Kikao. Mhasibu ameleta hoja yake, na ni mtu mwadilifu, simlaumu: Namba Tatu haijaingiza hata shilingi mwaka huu na watu wanaoomba nyumba ni wengi. Ipangishwe.

Nikaeleza kwamba mvua zetu huanza kama Novemba na kuendelea mpaka Aprili au Mei. Tukiipoteza Namba Tatu sasa, hakuna paa litakalofunguliwa kabla ya mvua, na mbao mbili za leo zitakuwa kenchi nzima mwakani. Nikaweka mezani kipande cha bomba cha asubuhi na makadirio ya Namba Tisa, yakiwa na gharama ya sasa na ya baada ya msimu mwingine wa kuvuja. Mkuu alikishika kile kipande muda mrefu. Akaamua: Namba Tatu ibaki wazi mpaka Desemba, kisha tujadili upya.

Kisha mwingine akauliza kwa nini nyumba zilizokarabatiwa zisipandishwe kodi ikaribie ya mtaani. Hapo nilisema kwa sauti kuliko nilivyokusudia. Kuzuia paa lisivuje ni wajibu wa mwenye nyumba, na mpangaji ameshaulipia kila mwezi kwa miaka. Jambo hilo halikuamuliwa. Limewekwa kwenye kikao kijacho, nami nitakuwepo.

Saa 11:30 jioni

Nikarudi Namba Tisa. Nikamweleza bibi kwamba kesho vijana watamhamishia Namba Tatu, karibu wiki mbili hivi. Alinyamaza kidogo, akauliza swali ambalo kila mstaafu huniuliza: "Na nitarudi humu humu?" Nikampa barua niliyoiandika ofisini: namba ya nyumba yake, kodi yake ya sasa, na tarehe ya kurudi. Akavaa miwani, akaisoma mpaka mwisho.

"Ndaga fijo, mwanangu," akanishukuru kwa Kinyakyusa. "Lakini haina muhuri."

Kweli haina, masjala walikuwa wameshafunga. Nimemwahidi muhuri kesho saa mbili, na vijana nimewaambia wasiguse hata kiti kabla hajaupata.