Anzia kwenye kitako cha chungu

Ukifungua hifadhi ya picha za ufinyanzi wa Kijapani kwenye kompyuta ya maktaba ya chuo, usihangaike na tumbo la chombo. Tafuta picha ya kitako. Mara nyingi glezi, yaani mpako unaogeuka kioo motoni, haifiki pale, kwa hiyo udongo unauona ulivyo. Chembe nyeupe za madini ya feldspa, kwa mfano, hukuelekeza Shigaraki, mji wa wafinyanzi huko Japani.

Bizen, aina nyingine ya vyombo vya Kijapani, haipakwi glezi kabisa. Huchomwa kwa kuni za msonobari siku 10 au zaidi, joto likipita nyuzi 1,200. Majivu yakitua begani huyeyuka na kuacha madoadoa ya manjano. Ile michirizi myekundu wengi hudhani imechorwa kwa brashi. Sivyo: chombo kilizungushiwa majani makavu ya mpunga, na potasiamu yake ikakutana na chuma kilichomo kwenye udongo. Bakuli jeusi la Raku, mtindo wa Kijapani wa mabakuli ya chai, nalo hufinyangwa kwa mkono bila gurudumu, likatolewa tanurini kwa koleo lingali linawaka. Alama ya koleo ubavuni si kasoro.

Kwa kulinganisha, piga picha za mitungi ya kwetu Tabora kwa utaratibu uleule: ubavu, ndani, mdomo, kitako. Mtungi unaochomwa nje kwa kuni na nyasi kwa kawaida haufiki nyuzi 1,000, ndiyo maana hutoa jasho na kupoza maji. Weusi wa moshi usiusugue. Ndio unaoonyesha moto ulivyopita. Kitako ni cha mviringo, basi ukalishe mtungi juu ya ngata ndogo isiyoonekana kwenye picha.

Mtego wa Tabora ni mwembe. Kivuli chake ni kizuri kwa kupumzikia, lakini majani huupa udongo rangi ya kijani. Afadhali baraza, mbali na ukuta uliopakwa rangi, na shuka jeupe upande wa giza. Picha ya kwanza iwe na karatasi ya kijivu ya kusawazishia rangi. Flashi izimwe, maana kwenye glezi huacha doa jeupe. Rudi nyuma kama mita 2 kisha uvute kwa lenzi. Ukisogeza simu karibu, tumbo linavimba kuliko lilivyo. Rula ikae usawa wa chombo, isitangulie mbele, la sivyo vipimo vitadanganya.

Kwa WhatsApp tuma kama dokumenti, kwani ikienda kama picha hubanwa na chembe za udongo hupotea. Kwenye maelezo andika urefu, kipenyo, udongo ulikochimbwa, na kama mfinyanzi ameruhusu jina lake litajwe.