Tanga na Matanga

Swahiba wangu alifariki Juni 2021, akirudi Mikindani kwa pikipiki kutoka Mtwara mjini, safari ya kilomita kama kumi aliyokuwa akiifanya karibu kila siku. Ajali yenyewe sitaieleza. Tulikaa matanga siku tatu, hitima ikasomwa, ubwabwa ukaliwa, na siku ya nne nikafungua duka langu la cherehani.

Hapo ndipo nilipoanza kuumwa. Kila siku saa tano asubuhi alikuwa na desturi ya kuja na kikombe chake cha kahawa, akae kwenye benchi langu anisimange. Sasa mikono ilikuwa inasukuma kitambaa lakini masikio yako mlangoni. Sare moja ya shule niliitia mikono miwili ya kushoto. Watu walinishauri: nihamie Masasi, nisome Yasini, nioe mke wa pili (huyu sikumuelewa hadi leo). Yasini nilisoma. Usingizi haukuja.

Mwezi uliofuata mjomba wake, mzee aliyevua samaki maisha yake yote, aliingia dukani na bunda begani. Lilikuwa tanga la ngalawa ya marehemu. Ngalawa ilikuwa imelala chini ya mti wa mkungu tangu msiba, na panya walikuwa wamelitafuna tanga hadi ungeweza kupitisha kichwa.

"Shikamoo, mzee. Mimi nashona nguo," nikamwambia.

"Marahaba. Na hii ni nguo, fundi, ila mvaaji wake hatulii."

Cherehani ilivunja sindano tatu nikaiacha, nikatumia shazia, ile sindano nene ya kushonea matanga, kwa mkono, jioni nne mfululizo. Kiraka cha kwanza nilikikaza kikanyooka kama mgongo wa shati, nikajisifu. Mzee akakibonyeza kwa kidole gumba, akanifumulisha chote. Kiraka kikikaza kuliko kitambaa kilichokizunguka, alisema, tanga linavuta upande mmoja na chombo kinakushinda. Liachiwe ulegevu, lipate tumbo. Kamba ya ukingoni ndiyo ikazwe. Wiki ile nililala usiku mzima, mara ya kwanza tangu maziko, vidole vimevimba.

Nilipomaliza hakulipa. Alisema, "Matanga tulishayaanua. Hili letu ni la kutweka. Jumamosi, saa tisa."

Sasa mnielewe. Mimi ni mtu wa Newala. Nimekulia jirani na Shimo la Mungu, pale uwanda wa Makonde unapokatika ghafla na bonde la Ruvuma linaonekana chini kabisa. Kwetu maji yalikuwa ni ndoo kichwani na mwendo mrefu, kuogelea ningejifunzia wapi? Nilichokijua mimi ni upepo. Tulikuwa tunalala kifudifudi ukingoni tukimtazama mwewe amesimama hewani, hapigi bawa hata moja, upepo unaopanda kutoka bondeni umemshika. Niliwahi kumwambia swahiba wangu natamani kujua mwewe anasikia nini pale. Akanijibu, "Njoo kwenye ngalawa." Miaka minane nilimpa visingizio. Kwa hiyo siku ile nilipanda nikiwa na uchungu zaidi, kwamba naja sasa, mwenyeji hayupo.

Ghuba ya Mikindani imefungika kama bwawa, mlango wake mwembamba, lakini upepo wa kusi wa Julai unaingia vilevile. Nilitapika kabla hatujafika katikati. Mzee hakunipa pole, alinipa demani, ile kamba ya kuvutia tanga. "Likipiga makofi, vuta. Likitaka kukulaza, achia." Basi, hakuna somo jingine.

Kamba ile ina uhai. Ukiivuta unasikia uzito unakuja begani, halafu mgongoni, halafu chombo kizima kinainama na mrengu, ule ubao wa pembeni unaozuia ngalawa isipinduke, wa upande wa upepo unanyanyuka majini, unachuruzika matone. Ukizubaa kidogo tu unalowa. Kisha ikafika mahali ambapo makofi yalikoma, maji yakawa yanasugua ubavu wa ngalawa kwa sauti ndogo, na sisi tunakwenda, hakuna anayepiga kafi. Nikamkumbuka mwewe. Tulipokaribia mikoko wakati wa kurudi ndipo niligundua kuwa kwa muda wote ule sikumuwaza marehemu. Nilisikia aibu, kama mtu aliyemwibia. Jumamosi iliyofuata nikaenda tena.

Siku za bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hujaa kama saa kumi jioni, kwa hiyo nafunga duka mapema na wateja wameshazoea kunung'unika. Boya la kuvaa nilinunua, mzee akanicheka. Asiyejua kuogelea asikubali kuchekwa kwa hilo. Upepo wa kaskazi ulipoingia Desemba ilibidi nijifunze upya, kila kitu kimegeuka.

Kuna jioni moja upepo ulitufia. Tulipiga makafi hadi mikono ikakataa, maji yakatukimbia, ngalawa ikakaa kwenye tope mbali na ufukwe. Mzee hakutaka kuiacha. Tukakaa gizani, na mimi nikasema jambo ambalo sikuwa nimemwambia hata mke wangu: usiku ule wa ajali marehemu alinipigia simu, saa mbili kasoro. Nilikuwa na sare thelathini za kumaliza. Nikaiangalia simu ikiita, nikaendelea kushona.

Mzee alikaa kimya muda mrefu.

"Alinipigia na mimi," akasema. "Nilikuwa msikitini, simu nimeitoa sauti."

Hatukuongeza neno. Kaa walikuwa wanatembea kwenye tope chini ya mrengu, huwaoni, unawasikia tu. Ilipokaribia saa saba ngalawa ikatikisika kidogo upande wa nyuma, naye akaniambia nishike upondo, ule mti wa kusukumia chombo.