Ninavyotia ubuyu kwenye uji bila kuua vitamini C

Uji wa wimbi nyumbani kwangu hauwekwi ndimu, unawekwa ubuyu. Gramu 100 za ubuyu mkavu huwa na miligramu 150 hadi 300 hivi za vitamini C, kutegemea mti na umri wa tunda. Chungwa lina kama 50 kwa uzito huo huo. Hesabu hiyo hupigiwa debe sana, lakini hakuna anayekula gramu 100 za ubuyu kwa mkupuo. Mimi hutia vijiko viwili vya mezani vya kujaa, gramu 20 hivi, kwa kila kikombe kikubwa. Hapo unapata miligramu 30 hadi 60, na Shirika la Afya Duniani linamkadiria mtu mzima 45 kwa siku.

Nanunua mabuyu mazima yenye ganda, yale yanayoletwa Nairobi kutoka Ukambani na Pwani. Litikise: mbegu zikigonga ndani, limekauka. Lenye ufa au tundu la mdudu liache. Ukilipasua, nyama iwe nyeupe au ya krimu. Ikiwa ya kahawia imeingia unyevu au imekaa mno, na vitamini yake imeshapungua.

Ng'oa nyuzi kwa mkono, kisha twanga polepole kwenye kinu, kwa kugonga tu hadi unga uachane na mbegu. Usizivunje mbegu. Zina mafuta, na mafuta hayo yakiingia kwenye unga huuchachisha kwa harufu baada ya muda. Chekecha kwa chujio laini, tia kwenye chupa kavu yenye kifuniko cha kubana, weka kabatini gizani. Ubuyu hunyonya unyevu upesi. Msimu wa mvua ndefu na baridi ya Julai, chupa iliyoachwa wazi karibu na jiko huota mabonge, kisha rangi hugeuka, kisha ukungu. Kijiko chenye maji nacho kinatosha kuuharibu.

Ukilazimika kununua unga uliokwisha kusagwa, weka kidogo ulimini. Ubuyu safi huyeyuka ukiwa mkali. Uliochanganywa na unga wa nafaka huacha utandu wa wanga mdomoni.

Sasa uji. Pika wimbi mpaka uive kabisa, epua, acha upoe hadi kikombe kishikike kwa kiganja bila kukuunguza. Hapo ndipo koroga ubuyu, baada ya kuuvuruga kwanza na maji kidogo ya baridi ili usifanye madonge. Maji ya Nairobi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi kwa sababu ya mwinuko, lakini hata moto huo unatosha kupunguza vitamini C, hasa sufuria ikikaa jikoni. Kama uji una maziwa, kupoza ni lazima maradufu: asidi ya ubuyu hukata maziwa ya moto. Na uji utazidi uzito, maana ubuyu una pektini nyingi, kwa hiyo upike mwepesi kuliko kawaida.

Kwa nini wimbi hasa? Lina madini ya chuma, ila lina pia fitati inayoyazuia yasifyonzwe. Vitamini C ikiliwa pamoja nalo husaidia chuma hicho kuingia mwilini. Chai ya rangi hufanya kinyume, kwa hiyo naisogeza mbele saa moja hivi.

Mabuyu ya rangi yanayouzwa kwenye vibanda ni peremende: sukari iliyochemshwa, rangi, na mbegu ndani inayoweza kumkaba mtoto mdogo.

Wengine huniuliza kama ukwaju haufai badala yake. Ni mzuri kwa potasiamu na magnesi, lakini vitamini C yake ni miligramu 4 hivi tu kwa gramu 100. Ukali ule ni wa asidi ya tatariki. Ukwaju nauchemsha bila wasiwasi, ila si kwenye sufuria ya alumini, kwani asidi huitafuna.