Waya wa bluu

Jumamosi iliyopita binti yangu alikuwa akipekua droo ya chini ya kabati, ile ya vikorokoro, akatoka na waya bapa wa bluu. Upande mmoja una kichwa kidogo kama cha waya wa intaneti, upande wa pili lile dude pana la matundu tisa ambalo kompyuta za sasa hazina hata pa kulichomekea.

"Baba, hii inachaji nini?"

Nikamwambia haichaji kitu. Kisha nikaona selotepu iliyozungushwa shingoni mwa waya, na maandishi ya kalamu nyeusi, herufi kubwa zilizonyooka: KONSOLI – USIONDOE. Nikakaa chini.

Ilikuwa Septemba 2016, bado tuko Kurasini, ghorofa ya pili. Kazi yetu mnaijua, kutoa mizigo bandarini. Nyaraka za forodha zote zinapita kwenye intaneti, na intaneti ikikatika kuna kontena la mtu linalala, na kontena likilala linalipiwa.

Jumatatu saa nne asubuhi laini ikafa. Nikazima faiawoli, kile kifaa kinacholinda mtandao wa ofisi, nikaiwasha, tukapata intaneti kama dakika moja, ikafa tena. Nikawapigia waliokuwa wakituuzia laini. Wakasema laini yenu nzima, tena haijajaa. Na kweli, tulikuwa tunalipia megabiti 50 kwa sekunde na grafu yao ilionyesha zinazoingia ni kama 17 tu. Hapo ndipo nilipopotea. Shambulio la kunyima huduma nililokuwa nikilijua mimi ni mafuriko: mto unafurika mpaka daraja linazama. Huu mto haukufika hata nusu.

Nikachukua ule waya wa bluu, nikauchomeka nyuma ya faiawoli. Kwenye konsoli unazungumza na kifaa ana kwa ana, hupiti mtandao wowote, kwa hiyo kawaida kinakujibu papo hapo. Siku hiyo niliandika amri na herufi zikawa zinatokea moja moja, kama mgonjwa anayeitwa jina akachelewa kuitika. Nikauliza prosesa ina kazi kiasi gani. Asilimia 99. Nikauliza tena. 99. Taa za mbele zilikuwa zinapepesa upesi mpaka ukidhani zimewaka moja kwa moja. Chumba kile hakikuwa na dirisha, mnakikumbuka, na jasho lilikuwa linadondokea kibodi. Mlangoni amesimama meneja na simu mbili, anamwambia mteja "dakika tano tu, mzee wangu" kwa mara ya nne.

Kijana wa fildi alikuwa kwenye kona yake na laptopu. Wiki moja kabla nilimkuta akipakua filamu, nikamkanya. Nikamtazama. Sikumuuliza kitu. Nikaenda kwenye swichi, kifaa kinachounganisha kompyuta zote za ofisi, nikaufuata waya wake kwa kidole mpaka mwisho, nikauchomoa.

Taa zikatulia. Siyo baada ya nusu saa. Pale pale, waya ukiwa bado mkononi. Prosesa ikashuka 60, 20, 4. Chumba cha pili nikasikia mtu anasema "imerudi!" Meneja akautazama waya mkononi mwangu, akamtazama kijana, akasema neno moja: "Kumbe."

"Kaka, mimi nilikuwa naandika ripoti," kijana akaniambia. "Hata intaneti sikuwa nimefungua."

Nikamjibu tutaongea baadaye. Hatukuongea.

Wiki ile yote hakuruhusiwa kuchomeka kompyuta popote. Alipewa selotepu na kalamu, abandike majina kwenye kila waya wa ofisi. Aliifanya kazi ile kama anayejenga nyumba yake: kila waya aliufuata mpaka mwisho, aliuandika pande zote mbili, na pale asipokuwa na uhakika alikuja kuuliza, kwa heshima, kana kwamba sikuwa nimemfanyia lolote.

Jumatano ya wiki iliyofuata laini ikafa tena, vile vile. Laptopu yake ilikuwa ndani ya begi, begi limefungwa zipu. Yeye alikuwa juu ya ngazi na kipande cha selotepu mdomoni. Akashuka, akaingia stoo bila kuagizwa na mtu, akatoka na habu ya zamani yenye vumbi. Nilielewa mara moja anataka nini. Swichi humpa kila mtu mzigo wake peke yake, lakini habu chochote kinachoingia inakirudia kwenye matundu yote. Akaiweka kati ya ruta ya nje na faiawoli, akaniomba ruhusa ya kuchomeka laptopu, akafungua Wireshark, programu inayoonyesha kila kinachopita kwenye waya. Mistari ikaporomoka kwenye skrini.

"Kaka, mbona zote ni za aina moja?"

Zilikuwa paketi, yaani vifurushi vidogo vya data, za ICMP, lugha ambayo vifaa vya mtandao hupeana taarifa za hitilafu: aina ya 3, msimbo wa 3. Zilitoka nje, hakukuwa na hata moja ya ndani. Ujumbe wenyewe ni wa adabu kabisa, umo katika kanuni aliyoiandika Jon Postel, mmoja wa waasisi wa intaneti, mwaka 1981. Ukituma kitu kwenye poti ambayo hakuna anayeisikiliza, mashine ya upande wa pili inakurudishia jibu kwamba mlango huo hauna mwenyeji. Sasa mfikirie mlinzi wa getini mwenye daftari. Anakuja mtu anasema, "Yule mliyenituma kumwita hayupo." Mlinzi hawezi kumfukuza hivi hivi, huenda kweli alitumwa. Anafungua daftari, anatafuta safari hiyo, haimo, anafunga. Nyuma ya huyo wapo elfu arobaini, na hao ni wa sekunde moja tu, kila mmoja amebeba jibu la swali ambalo hakuna aliyeuliza. Geti halijavunjwa na barabara ina nafasi. Ila wenye nyumba wanaotaka kutoka hawana wa kuwafungulia.

Tukawaomba wenye laini wazikate paketi hizo kwao, kabla hazijatufikia. Ilichukua kama saa moja. Kuna waliotushauri tuzuie ICMP yote kabisa, na bado nawasikia watu wakishauri hivyo. Msifanye. Aina ya 3 hiyo hiyo, msimbo wa 4, ndiyo inayoiambia mashine paketi yako ni kubwa, ipunguze; ukiuzuia huo, kurasa zinaganda katikati na hutajua kwa nini.

Novemba mwaka ule ule nikasoma, nikiwa kwenye daladala, taarifa ya kikosi cha usalama cha TDC, kampuni ya simu ya Denmark. Shambulio kama letu wameliita BlackNurse, kwa sababu wawili kati yao waliwahi kuwa mmoja mfua chuma (blacksmith) na mwingine muuguzi (nurse). Waliandika kwamba megabiti 15 hadi 18 kwa sekunde, yaani paketi 40,000 hadi 50,000, zinatosha kuilemea faiawoli ya kampuni, hata kama laini yako ni ya gigabiti nzima, na kwamba laptopu moja ya kawaida inaweza kutoa mara kumi ya hapo. Shambulio likikoma, kila kitu kinarudi chenyewe. Mstari huo niliusoma mara mbili. Kilirudi chenyewe. Yule aliyekuwa akitupiga, huko aliko, aliacha wakati ule ule nilioshika waya wa kijana.

Wakati huo fildi yake ilikuwa imekwisha. Fomu ya chuo meneja aliijaza katika wiki ile ya katikati, akaandika kwamba mwanafunzi anahitaji kusimamiwa kwa karibu. Baada ya ile Jumatano nilimwendea meneja, nikamweleza yote, nikamwomba fomu iandikwe upya. Akasema imeshatumwa, na mambo yamekwisha. Nilitoka ofisini kwake. Nilikuwa naweza kupanda gari mpaka chuoni kwao, na sikupanda. Siku ya kuaga nilimwambia kijana "samahani kwa yale," watu wanapita kati yetu na soda mikononi, akasema "hamna shida, kaka." Sijui kama nilimwomba radhi au niliondoa tu uzito kifuani kwangu.

Binti yangu alikuwa ameshaanza kuibandua selotepu kwa ukucha, pembe moja imeinuka. Nikamwambia aache.