Nyimbo moja, faili kumi na moja

Jumatano iliyopita jioni tulikuwa kwenye mazoezi ya muziki huku Mji Mkongwe, mabusati yameshatandikwa, ganuni, ile ala ya nyuzi nyingi, imeshatiwa sauti, nimegawa karatasi za nota kwa fidla, ganuni na akodiani, tukaanza. Utangulizi ulikwenda vizuri khasa. Kufika baa ya 24, baa ni kile kipande cha nota baina ya mistari miwili ya wima, mambo yakaharibika, fidla wanaendelea na kiitikio cha ala kama kilivyokuwa zamani, baa nane, na ganuni kashaingia kwenye ubeti kwa sababu karatasi yake ina baa sita tu. Mwimbaji kasimama katikati hajui amfuate nani.

Maalim wa ganuni akanyanyua mkono tukanyamaza. Akachukua karatasi ya fidla akaiweka juu ya ganuni ubavuni mwa ya kwake, akapitisha kidole, kile chenye pete na kijiti cha kupigia, mstari kwa mstari. Akanambia, "Mwanangu, hizi nyimbo mbili."

Nilirudi nyumbani nikafungua laptopu. Kwenye folda kuna faili kumi na moja za nyimbo ile ile: fainali, fainali2, fainali mpya, fainali ya Maalim, fainali mpya 2, na kuendelea hivyo. Mie natumia MuseScore, programu ya kuandikia nota, ni ya bure, na ndani yake karatasi za kila ala zinakaa kwenye faili moja na nota nzima, ukibadilisha baa moja huku, na kule kwa fidla inabadilika yenyewe. Sasa mie kwa haraka ya kuwatumia watu kwa WhatsApp nilikuwa nimeitoa kila ala nikaisevu faili lake mbali. Tulipokata zile baa mbili, mwimbaji alitaka pumzi ifike mapema, nikakata kwenye faili kubwa, nikaprinti ganuni kutoka humo, na fidla nikaprinti kwenye yale ya mbali ambayo hayana habari kuwa kitu kimebadilika. Watu wazima wamekaa saa nzima kwa ajili hiyo. Iliniuma sana.

Tangu siku ile sisevu tena ala mbali mbali. Faili ni moja, ala zote zimo, na anayetaka karatasi yake namtolea PDF, ambayo hakuna wa kuichezea. Na neno fainali nimelifuta kabisa kwa sababu halimwambii mtu kitu. Jina linaanza na nyimbo, halafu maqamu, yaani mpango wa sauti za nyimbo, halafu mwaka mwezi na siku kwa mpango huo huo, mfano jioni-bayati-2025-02-14, tarehe ukiianza na mwaka kompyuta inazipanga yenyewe, ya zamani juu, ya karibuni chini. Kabla sijagusa kitu kikubwa, kukata baa, kushusha sauti kwa ajili ya mwimbaji, nabonyeza Ctrl+Shift+S nasevu kwa jina la leo kwanza ndo nakata. Tarehe hiyo hiyo naiandika chini ya kila ukurasa, ili mazoezini mtu atizame tu ya mwenzake ajue kama wako pamoja.

Kuna jambo jengine kubwa zaidi ambalo wengi tunalipuuza. Faili la mscz, ndo lile la MuseScore, ni zipu tu, furushi la faili, ndani yake mna faili la maandishi lenye nota zote, lakini linataka programu yake. MuseScore 4 ilitoka Desemba 2022, na ukisevu humo mwenzako mwenye 3 hafungui. Nina rafiki Wete, laptopu yake ya zamani haiichukui ile mpya, tulihangaika wiki nzima mpaka nikamtumia kwa MusicXML, aina ya faili la nota linalosomwa na programu mbali mbali, akaipata. Na walioandika kwa Finale, programu nyengine ya nota, ndo wazinduke zaidi, programu ile ipo tangu 1988, na Agosti 2024 wenyewe wametangaza hawaiendelezi tena. Nota ya miaka na miaka imo kwenye faili za watu, na siku laptopu mpya ikikataa kuifungua Finale hapo utamwendea nani? Itoe kwa MusicXML sasa hivi wakati bado inafunguka.

MusicXML toleo la kwanza lilitoka 2004, na programu zote kubwa za nota zinaisoma. Mpangilio wa ukurasa unaweza kuvurugika kidogo, utautengeneza, ila nota zipo, maneno chini ya nota yapo, na kwetu sisi la muhimu kuliko yote, robo toni, ile nusu ya nusu toni, ipo. Msitegemee midi, yale mafaili ya kupigisha kompyuta muziki, kwa kazi hii jamani. Midi inazipa nota namba kwa nusu toni nusu toni, sasa ile mi ya maqamu ya rast inayokaa kati kati haina namba yake, na ukiifungua tena kwenye karatasi una mi ya kawaida au iliyoshushwa nusu, na hiyo si rast tena.

Umeme nao tunaujua. Sie tuliokaa gizani miezi mitatu, Desemba 2009 mpaka Machi 2010, hatuhitaji kuambiwa. Programu inajisevia yenyewe kila baada ya dakika kadhaa lakini mie kila nikimaliza mstari Ctrl+S, mkono umeshazowea. Kopi moja laptopuni, moja Google Drive mtandaoni, na flashi ipo kwa dada yangu Bububu, kila Ijumaa nikenda kula naipeleka na mpya.

Jana Maalim kaniletea daftari lake. Nota za mkono, kalamu ya buluu, kingo zimeliwa na mende, na alama ya robo toni anaiandika kwa namna yake mwenyewe, kijimkia kimepindia kushoto. Nimeshapiga picha kurasa zote kabla sijaandika hata baa moja, na hizo picha nimezitia folda moja na nyimbo zake. Nimemaliza mbili, ya tatu nimefika kipokeo.